Mjomba, Deni na Merikani: Riwaya ya Harriet Beecher Stowe Ikisomwa kutoka Nchi ya Matambarale

Riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, ilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti la The National Era la mjini Washington tarehe 5 Juni, 1851, ikakoma tarehe 1 Aprili, 1852. Kabla haijakoma huko, tarehe 20 Machi, ilikwisha pigwa chapa mjini Boston kuwa kitabu cha majuzuu mawili. Na katika mwaka wake wa kwanza nakala zipatazo 300,000 ziliuzwa katika Marekani peke yake. Yaliyoandikwa juu ya kitabu hicho ni mengi mno, na makala haya hayakusudii kuongeza muhtasari juu ya mihtasari. Yakusudia kuyapitia masimulizi, wahusika na ishara za riwaya hiyo kwa kuanzia mahali pasipozoewa, yaani nchi ya Matambarale, upande wa Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi. Na kwa kulishika neno moja tu, ambalo ni neno la kwanza la anwani yake.

Mfasiri wa Kiswahili alifikiapo neno hilo huandika mjomba, na kwa kamusi hakukosea. Hoja yetu ni kwamba neno hilo, likiingia katika Kiswahili, hubeba mzigo ambao Kiingereza cha Kentucky hakikuwa nao. Na mzigo huo hauiharibu riwaya, waifungua. Kwa kuutambua mzigo huo hatuna budi kuitazama historia ya watu wa kusini, nasi tutaona kwamba historia hiyo na ile ya mashamba ya Marekani zilikuwa zimefungamana kwa uzi wa pamba tangu kabla Stowe hajashika kalamu.

I. Nchi na neno

Matambarale imo katika nchi ya Wamwera. Kaskazini liko bonde la mto Mbwemkuru, kusini bonde la Lukuledi ushukao kuelekea Lindi. Majirani wa Wamwera ni Wayao, Wamakua na Wamakonde. Watu wote hawa, kwa asili yao, huhesabu nasaba kwa upande wa kuukeni: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Kiyao kina neno mbumba kwa kundi la dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka yao. Na mtoto wa dada huitwa mwipwa, neno ambalo lahaja za Kiswahili za upande wa Mombasa nazo zinalo, ingawa Kiswahili sanifu kimelifupisha likawa mpwa. Uislamu, Ukristo na sheria za serikali zimeyapunguza mamlaka ya mjomba katika karne iliyopita, lakini hazikuyafuta yote. Katika posa na mazishi sauti yake bado yatafutwa.

Neno hili lina historia ndefu hata nje ya ukoo. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwaita Waswahili Adzomba, yaani wajomba. Mtu wa bara aliyeshuka mjini kufanya biashara alihitaji mwenyeji wa kumpokea, kumdhamini na kumsemea, na kazi hiyo hufanana na kazi ya mjomba. Basi katika lugha zetu mjomba ni mtu asimamaye baina yako na watu wengine. Asiye na mjomba hana wa kumsimamia.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani mambo yalikuwa kinyume. Mzungu hakumwita mtumwa mtu mzima Bwana Fulani, kwa maana jina hilo lilikuwa la heshima ya watu huru. Alipotaka kumwonyesha wema alimwita mjomba, na mwanamke akamwita shangazi. Jina la ujamaa lilitolewa kwa watu ambao sheria ilikataa kuutambua ujamaa wao: ndoa yao haikuwa ndoa mbele ya hakimu, na watoto wao hawakuwa wao. Haya ndiyo tutakayoyaweka mbele ya macho tukiisoma riwaya.

II. Kisa kwa ufupi

Arthur Shelby, mwenye shamba wa Kentucky, ana deni. Mdai wake, mchuuzi wa watumwa aitwaye Haley, akubali kulipwa kwa watu wawili: Tom, msimamizi mwaminifu wa shamba, na Harry, mtoto mdogo wa kijakazi Eliza. Eliza asikia mpango huo, amchukua mwanawe usiku, na avuka mto Ohio kwa kuruka juu ya vipande vya barafu. Mumewe, George Harris, naye ametoroka kwa bwana mwingine. Hatimaye wakutana na kufika Kanada.

Tom hatoroki. Asema kwamba kama hapana budi auzwe yeye au watu wote wa shamba wapotee, basi na auzwe yeye. Ateremshwa mto Mississippi. Katika meli amwokoa mtoto Eva asizame, na babake Eva, Augustine St. Clare, amnunua na kumpeleka New Orleans. Eva afa kwa maradhi. St. Clare aahidi kumwachia Tom huru, lakini auawa kwa kisu kabla hajatia sahihi. Mjane wake amwuza Tom mnadani, naye aangukia mikononi mwa Simon Legree, mwenye shamba la pamba kando ya Mto Mwekundu huko Louisiana. Huko Tom akataa kumpiga mwanamke kwa amri ya bwana wake. Wanawake wawili, Cassy na Emmeline, wajificha darini wakisubiri kutoroka; Legree amtaka Tom aseme walipo. Tom asema anajua na hatasema. Apigwa mpaka kufa. George Shelby, mtoto wa bwana wake wa kwanza, afika kumkomboa wakati pumzi zimekwisha. Arudi Kentucky, awaachia huru watumwa wake, na kuwaambia waukumbuke uhuru wao kila wakionapo kibanda cha Tom.

Mwenye kusoma atambue kwamba mambo yote yazaliwa na deni. Shelby hakuwa katili, alikuwa mdaiwa. Stowe alikusudia hivyo, ili msomaji asije akajifariji kwamba ubaya wa utumwa ni ubaya wa mabwana wabaya.

III. Wahusika na sheria ya tumbo

Ubora wa wahusika wa riwaya hii waonekana zaidi tukiwapanga kwa nasaba. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, na majimbo mengine ya watumwa yakaishika sheria hiyo. Mtoto wa mtumwa ni mtumwa, hata kama babake ndiye bwana mwenyewe. George Harris ni mfano wake: babake ni Mzungu, mwenye mali, na bado yeye aliuzwa pamoja na mali ya marehemu. Eliza vivyo hivyo, na Cassy vivyo hivyo. Na mwishoni twajulishwa kwamba Cassy ndiye mama wa Eliza, na George apata dada yake. Nusu ya kitabu ni watu wa damu moja wanaotafutana bila kujua.

Sheria hii, kwa mtu wa Matambarale, yashangaza kwa sababu ya kufanana kwake na desturi yake mwenyewe. Hapa pia mtoto hufuata tumbo. Lakini hapa tumbo humpa mtoto jina, shamba na mjomba; kule lilimpa mnyororo. Nasaba ni ile ile ya kuukeni, na kilichotolewa ndani yake ni mtu mmoja tu, kaka wa mama. Katika riwaya nzima ya Stowe hakuna mtumwa hata mmoja ambaye kaka wa mama yake asimama kumtetea. Wako mama wanaokimbia na watoto, wako baba wanaotafuta wake. Mjomba wa damu hayupo. Aliyepo ni mjomba wa jina.

Pwani yetu ilikuwa na sheria ya tatu. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alikuwa huru, naye alifuata nasaba ya baba. Sayyid Barghash, aliyetia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni, 1873, wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja, alikuwa mwenyewe mtoto wa suria wa Kihabeshi. George Harris angalizaliwa Unguja angaliweza kuwa mwana wa mfalme. Neno hili lisichukuliwe kuwa sifa kwa utumwa wa pwani. Uhuru wa mtoto wa suria haukumrudishia mama yake watu wake, na wengi walioletwa pwani hawakuwa masuria. Walikuwa vibarua wa mikarafuu na wa mashamba ya nafaka. Kiswahili chenyewe ni shahidi: kilikuwa na mateka, mjinga, mzalia, mtwana, kijakazi, suria na huria, na katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 tofauti baina ya mtumwa mgeni na mzalia zaelezwa wazi. Lugha haiweki maneno mengi hivyo kwa jambo dogo.

Tom mwenyewe aeleweke kama alivyoandikwa. Michezo ya jukwaani iliyoenea Marekani tangu mwaka 1852 ilimgeuza mzee dhaifu anayenyenyekea, na kutokana na michezo hiyo jina lake likawa tusi kwa Mwafrika anayejipendekeza kwa Wazungu. Tom wa riwaya ni mwanamume mpana wa kifua, mwenye nguvu, na nyumbani ana mtoto mchanga. Atii amri nyingi, na mbili azikataa: amri ya kumpiga mwanamke na amri ya kuwatoa wanawake waliojificha. Kwa kukataa huko afa. Yafaa kusema pia kwamba si kila lawama kwa Stowe ni ya uongo. James Baldwin, katika insha yake ya mwaka 1949, aliishutumu riwaya kwa kuwafanya watu kuwa hoja badala ya watu. Na kweli, mwandishi mara kwa mara huwapa Waafrika upole wa asili kana kwamba ni rangi ya ngozi. Tom akisifiwa kwa upole wa rangi yake, tendo lake lapunguzwa thamani, kwa sababu kisichochaguliwa si tendo.

IV. Ishara: kibanda, mto, sarafu, pamba

Kibanda ni ishara ya kwanza na ya mwisho. Mwanzoni kina bustani mbele yake, moto jikoni, watoto, na Chloe akipika. Kila kitu ndani yake ni cha nyumba ya watu huru isipokuwa hati. Wenye kukaa humo hawakimiliki kibanda, wala hawajimiliki wenyewe. Mwishoni kibanda ki vile vile, mwenyewe hayumo.

Mto ni ishara ya pili, nao una nyuso mbili. Ohio ni mpaka: ng'ambo yake Eliza ana matumaini. Mississippi ni mteremko: kila maili Tom anayosafiri humtenga na watu wake, na hata leo Kiingereza chatumia usemi wa kuuzwa kuelekea chini ya mto kwa maana ya kusalitiwa. Katika nchi yetu kazi hiyo ilifanywa na njia. Waliotekwa au kununuliwa kutoka nchi ya ziwa Nyasa waliteremshwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje na Lindi, na njia hizo zilipita pande zote za nchi hii ya Wamwera. Kwa hesabu zilizowekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, watumwa zaidi ya 97,000 walitolewa Kilwa katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867. Livingstone, akipanda bonde la Ruvuma mwezi Juni 1866, aliona mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Mtu aliyeshindwa kutembea hakuachwa awe wa mwingine.

Sarafu ni ishara ya tatu. Tom alipoondoka, kijana George Shelby alimtundika shingoni dola moja iliyotobolewa, iwe ahadi kwamba siku moja atamfuata. Fedha iliyomfunga Tom na fedha iliyokuwa ahadi ya kumfungua ni fedha ile ile. Ilipomfikia Legree, aliitupa nje kupitia dirishani.

Ishara ya nne ni pamba, na hapa riwaya yaungana na historia yetu kwa namna ambayo Stowe hakuiandika. Sayyid Said na Marekani walifanya mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilichukua pembe, sandarusi na ngozi. Zilicholeta zaidi ya kitu kingine chochote ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani walikiita merikani. Kilipendwa kwa uzito na uimara wake, kikawa kama fedha ya bara: doti ilikuwa mikono minane, shuka mikono minne, na jora zima lilifungwa katika mitumba ya wapagazi. Kwa merikani, shanga, baruti na bunduki, wafanya biashara wa Kilwa walinunua pembe na watu.

Pamba ya viwanda vile ilitoka katika mashamba ya kusini ya Marekani, iliyopaliliwa na kuchumwa na watumwa. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba hiyo, merikani iliadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi yake. Jambo hili laonyesha wazi jinsi uzi ulivyokuwa mmoja. Katika shamba la Legree, Tom huonekana akitia pamba yake kwa siri katika kikapu cha mwanamke aliyechoka, ili asipigwe wakati wa kupima. Pamba ya namna hiyo ilipimwa, ikauzwa, ikafumwa, ikavuka bahari mbili, ikawa bei ya mwanamke mwingine katika njia ya Kilwa. Stowe aliwaonyesha wasomaji wake wa kaskazini kwamba nguo zao zilikuwa na deni. Msomaji wa Matambarale aongeze: na nguo zetu pia.

V. Mjomba na deni

Twafika penye kiini cha jambo. Si kila mtu aliyeteremshwa pwani alitekwa vitani. Katika jamii za ukoo wa mama za Afrika ya Mashariki na ya Kati, deni lilikuwa mlango mwingine. Mtu akiua, akifumaniwa, akituhumiwa uchawi, au njaa ikiingia, ukoo ulidaiwa fidia. Na mwenye kuilipa alikuwa mkubwa wa ukoo, mjomba. Kama hakuwa na mali, aliweza kumtoa mpwa wake awe rehani. Zamani rehani hukaa kwa mdai akifanya kazi, na ukoo ukijaliwa humkomboa. Misafara ilipozidi na bei ya watu ikapanda, rehani aligeuka bidhaa kwa usiku mmoja, na aliyekwisha pita njia ya pwani hakukombolewa tena.

Tena ukoo wa mama wenyewe ulileta haja ya watumwa. Mwanamume aliyeoa mwanamke huru hakuwa na kauli kubwa juu ya watoto; walikuwa wa shemeji zake. Aliyemnunua mateka hakuwa na shemeji wa kumwuliza. Watoto walikuwa wake, nao waliongeza watu wa mji wake. Wakubwa wa Wayao wa karne ya 19 walijenga miji mikubwa kwa njia hii. Thamani ya mateka, basi, ilikuwa katika upungufu wake: alinunuliwa kwa sababu hana kaka. Tukitaka maana ya mtumwa kwa maneno ya nchi hii, tutasema kwamba mtumwa ni mtu asiye na mjomba.

Kwa maana hiyo turudi Kentucky. Shelby, mkubwa wa nyumba, ana deni. Alilipa kwa kumtoa Tom na mtoto Harry. Ndiyo kazi ile ile ya mjomba mdaiwa wa njia ya Kilwa, na visingizio ni vile vile: nilibanwa, sikuwa na lingine, nitamkomboa nikipata. Mkewe Shelby na Chloe walijaribu kuikusanya fedha ya ukombozi. Chloe alikwenda Louisville akafanya kazi ya kuoka keki kwa mtu mwingine, mshahara wake ukawekwa. Haikufaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Yule ambaye Wazungu walimwita mjomba bila kumpa cha mjomba ndiye aliyelipa kwa mwili wake mwenyewe. Cassy na Emmeline hawakuwa wa damu yake. Mmoja alikuwa ametolewa na mwanamume aliyemwamini na watoto wake wakauzwa, wa pili alikuwa ametengwa na mama yake mnadani. Hawakuwa na kaka. Legree alimtaka Tom awatoe, kwa bei ya uhai wake, naye akakataa. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hapo jina la dharau lilipata maana ambayo wenye kulitoa hawakuikusudia: Tom alisimama mahali pa kaka wa mama kwa wanawake wawili ambao sheria ilihakikisha hawana kaka. Katika Kiingereza maana hii haionekani, kwa kuwa neno lao halimtofautishi kaka wa mama na kaka wa baba, wala halimpi yeyote kati yao wajibu kama huu. Kiswahili chaionyesha bila kuongeza hata herufi moja.

VI. Kurejea

Riwaya yaisha kwa George Harris kusafiri na watu wake kwenda Liberia. Martin Delany, Mwafrika wa Marekani aliyekuwa mwandishi na mpigania haki, aliushutumu mwisho huo mwaka 1853, na wengi wamemfuata: kwa nini mtu aliyezaliwa Kentucky apewe uhuru kwa sharti la kuondoka? Swali hilo lilikuja kuulizwa karibu na Nachingwea. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja, akapita Lindi na kundi la watu walioachwa huru, wengi wakiwa na asili ya upande wa Nyasa, kwa nia ya kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi waliona nchi njema wakakaa hapo, si mbali kusini mwa Nachingwea. Kurejea kwao kuliishia njiani. Walikuwa wa makabila mbalimbali, waliotekwa wakiwa wadogo, na wengi hawakuwa na ukoo wa kuwapokea. Miaka sita baadaye, mwezi Septemba 1882, mji wao ulivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara, na baadhi yao wakachukuliwa tena. Uhuru uliotangazwa kwa mkataba haukuwa na mjomba wa kuulinda. Ndiyo maana utumwa uliendelea kuwako kisheria Unguja hadi 1897, na katika Tanganyika ukafutwa kwa sheria mwaka 1922 tu.

Kiswahili kina kitabu chake kilicho jirani na riwaya ya Stowe. Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, kinachosimulia watu waliotolewa bara, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Kiingereza na kukalishwa Freretown, karibu na Mombasa. Wahakiki wa baadaye wamekilaumu kwa kumfanya Mwingereza kuwa mkombozi pekee, na lawama hiyo ni ya haki. Stowe naye alimweka George Shelby mwishoni ili Mzungu mwema afunge kitabu. Lakini tofauti moja yastahili kutajwa. Shelby alifika amechelewa, na kabla ya kufika kwake tendo kubwa la kitabu lilikwisha tendeka bila yeye. Cassy na Emmeline waliokolewa na ukimya wa Tom na werevu wa Cassy mwenyewe. Hakuna aliyewashushia uhuru kutoka melini.

VII. Neno la kutafsiri

Mfasiri wa riwaya hii ana maneno kadha mbele yake. Akisema Mzee Tom, atampa heshima, lakini atamzeesha mtu mwenye mtoto mchanga, na kurudia kosa la michezo ya jukwaani. Akisema Ami Tom, atampeleka upande wa baba, ambako hakuna lolote katika riwaya limwitalo. Akiliacha neno la Kiingereza kama lilivyo, ataihifadhi sauti na kuipoteza maana. Mjomba ndilo linalofaa, kwa sharti kwamba mfasiri asilitumie kama mahali patupu pa kujaziwa. Asiwape Haley na Legree neno hilo kwa wepesi ule ule ambao Chloe na watoto wanamhusu Tom. Na katika sura ya kufa kwake, neno litajwe peke yake, lisimame.

Kuhusu anwani, kibanda kinatosha, maana Kiswahili chajua kwamba kibanda ni makao ya mtu ambaye hajajenga nyumba yake, au hakuruhusiwa kuijenga.

Msomaji wa kusini hatalisikia neno hilo kwa raha tupu. Katika nchi ya Matambarale mjomba ni ngome ya watoto wa dada zake; na wakati wa njaa na wa misafara mjomba ndiye aliyeweza kuwatoa. Kumbukumbu zote mbili zimo katika neno moja, na familia nyingi za kusini zinayo ya pili ingawa haisemwi mbele ya watoto. Stowe, ambaye kwa miaka mingi aliishi Cincinnati, ng'ambo tu ya mto Ohio kutoka Kentucky, aliwauliza watu wake ni nani aliyelipa madeni yao. Riwaya yake ikitiwa katika Kiswahili kwa neno hili, swali hilo halitabaki la Wamarekani peke yao. Litauliza vile vile, kwa lugha ambayo mababu wa njia ya Kilwa waliisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa, ni mjomba yupi aliyetoa, na ni yupi aliyekataa kutoa.